Kambi za wanafunzi: Fedha iko kwenye sufuria, siyo kwenye hema

IKIFIKA mwezi Juni, mashamba mengi ya Mandewa na kata jirani katika Manispaa ya Singida huwa yamebaki mabua. Mahindi yamevunwa, mtama na uwele vimeingia ghalani, alizeti imepigwa au inamalizia kukauka. Mwenye shamba anabaki na maswali mawili: auze lini, na amuuzie nani. Kila mtu anavuna wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu anauza wakati mmoja, na mlanguzi analijua hilo kuliko mkulima mwenyewe.

Mwezi huo huo ndio shule nchini hufunga kwa likizo ya katikati ya mwaka.

Watu huyazungumza mambo haya mawili kana kwamba hayahusiani. Lakini kwa mkulima anayeangalia soko kwa jicho la biashara, mtoto aliye likizo ni mlaji, na kundi la watoto waliopiga kambi mahali pamoja ni soko linalokula mara tatu kwa siku. Ndiyo maana kambi za wanafunzi za mafunzo ya nje, yaani zile za kupanda majabali, kusoma ramani, kutazama ndege na kulala kwenye mahema, zinastahili kupigiwa hesabu na wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Mandewa. Hesabu hiyo ipigwe kwa utulivu, maana ina faida ya kiasi na hatari ya kutosha.

Kambi yenyewe si jambo geni. Skauti ilianza Tanganyika mwaka 1917 na hadi leo vijana wake hujifunza kufunga kamba, kuwasha moto na kulala nje. Klabu za Malihai zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi kuhusu wanyamapori tangu mwaka 1980. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12, na mpango huo ukaenea nchi nyingi duniani. Kila mwaka mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwakusanya wanamichezo wa shule za msingi na sekondari, na wote hao hulishwa. Na mzazi gani mwenye mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne asiyeijua kambi ya kitaaluma, ile ya kutoa debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage ili mtoto alale shuleni na kujiandaa na mtihani?

Kambi ya mafunzo ya nje kama huduma inayolipiwa nayo ina historia katika ukanda huu. Mfano wa karibu uko Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, ambako shule ya Outward Bound ilianzishwa miaka ya 1950. Wazo lilitoka Aberdovey, Wales, ambako Kurt Hahn na wenzake walifungua shule ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1941 kwa ajili ya kuwajenga vijana kwa bahari na milima. Loitokitok haikuwa na bahari, ila ilikuwa na mlima, na vijana waliofika pale waliupanda. Funzo la kibiashara ni kwamba mwalimu wa kambi hutumia kilichopo.

Mandewa ina nini? Haina Kilimanjaro, lakini Singida ni mji wa majabali. Mawe makubwa ya matale yamesimama kila upande, mengine yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga. Ndani ya manispaa yako maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, yenye ndege wa majini ambao mtoto wa mjini kwa kawaida huwaona kwenye kitabu tu. Kuna mashamba ya alizeti, mizinga ya nyuki, mashine za kukamua mafuta na kuku wa kienyeji ambao jina lao linajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Mandewa ina jambo jingine ambalo mwalimu mkuu atauliza kabla hajauliza habari ya ndege: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko katika eneo hilo.

Tena Singida iko kwenye barabara kuu ya lami itokayo Dodoma kwenda Nzega na Mwanza. Kutoka Dodoma ni takriban kilomita 240, safari ya asubuhi moja kwa basi. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hata shule ya Dar es Salaam inaweza kulifikiria jambo hili. Hata hivyo, wateja wa kwanza wasitafutwe Dar es Salaam. Watafutwe Singida yenyewe, halafu Manyoni, halafu Dodoma. Umbali hula fedha za kambi kabla sufuria halijainjikwa, na barabara ina hatari zake. Tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32 wa shule moja ya msingi ya Arusha walifariki dunia pale Rhotia, wilayani Karatu, pamoja na walimu wao wawili na dereva, wakielekea shule nyingine kufanya mtihani wa kujipima. Mzazi anayekumbuka siku ile hatasaini kwa furaha safari ya kilomita 700.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua kambi moja ya wanafunzi 80 na watu wazima wanane, kwa siku nne na usiku tatu. Tukadirie kila mtu atumie nusu kilo ya unga kwa siku kwa ugali na uji, gramu 120 za maharage, mililita 40 za mafuta na gramu 50 za vitunguu. Kila asubuhi tatu za kuamkia kambini apate yai moja, na usiku wa mwisho wale kuku, kuku mmoja kwa watu sita.

Jumla yake ni unga kilo 176, maharage kilo 42, mafuta ya alizeti lita 14, vitunguu kilo 18, mayai trei tisa na kuku 15. Kwa mkulima, kilo 176 za dona ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 100, na yanabaki kidogo. Lita 14 za mafuta ni takriban gunia moja la alizeti kwenye mashine ndogo, na mashudu yanarudi nyumbani kwa mifugo.

Weka bei za mfano, kila msomaji atabadilisha kulingana na soko la wiki yake: unga shilingi 1,500 kwa kilo, maharage 3,000, mafuta 6,000 kwa lita, vitunguu 1,500 kwa kilo, trei ya mayai 10,000 na kuku 20,000. Chakula hicho kinafika shilingi 891,000. Ongeza 150,000 za sukari, majani ya chai, chumvi, mboga za majani na nyanya, inakuwa shilingi 1,041,000.

Hapo wapo watakaoshangilia na wapo watakaoguna, na wanaoguna wana hoja. Magunia mawili ya mahindi na kuku 15 si utajiri. Kambi moja haiwezi kuinua kata. Hata kambi tano katika Juni na mwanzo wa Julai, ambazo zingekuwa mafanikio makubwa kwa mahali panapoanza, zinahitaji unga kilo 880, maharage kilo 211, mafuta lita 70, kuku 75 na trei 45 za mayai. Hilo ni soko la kikundi cha watu kumi au kumi na watano, si la Mandewa nzima. Yeyote atakayeitisha mkutano wa mtaa na kuahidi kwamba kambi zitaondoa umaskini anatafuta kura.

Faida iko mahali pengine. Mkulima anayeuza gunia la mahindi Juni anauza wakati bei iko chini. Akilisaga na kuliuza kama unga kwa bei ya rejareja, mlangoni kwake, amechukua sehemu ya mlanguzi, ya msagishaji na ya duka. Ndivyo ilivyo pia kwa alizeti, zao ambalo bei yake ilishuka mwaka 2023 hadi wakulima wakalalamika hadharani. Gunia moja lililokamuliwa na kuuzwa kwa lita halitamwokoa mtu dhidi ya soko baya, lakini linamfundisha tofauti kati ya kuuza mbegu na kuuza mafuta. Mama lishe mwenye masufuria makubwa anapata siku nne za kazi zinazojulikana mapema. Mwenye toroli la maji anapata pia.

Maji ndiyo jambo linalosahaulika kuliko yote. Watu 88 wakitumia lita 15 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na kunawa, wanahitaji lita 1,320, yaani ndoo 66 za lita 20. Kwa siku nne ni ndoo 264. Maji ya Singidani na Kindai ni ya chumvi na hayanyweki, kwa hiyo uzuri wa ziwa hausaidii kitu jikoni. Mwenye eneo ambaye hana bomba au kisima cha uhakika asijisumbue kutafuta shule. Vyoo navyo vina kanuni: mwongozo wa shule nchini unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na kambi haina sababu ya kuwa chini ya hapo. Kambi ya wasichana 40 na wavulana 40 ina maana ya matundu mawili kwa kila upande, yaliyotenganishwa, yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Choo kizuri hutumika mwaka mzima na familia yenyewe. Kwa hiyo kati ya matumizi yote ya maandalizi, hilo ndilo la kuanza nalo hata kama shule haitakuja.

Hema ni habari nyingine. Vijana wengi wakisikia neno kambi wanafikiria kununua mahema, na wapo watakaotaka kuyaombea mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo unarejeshwa kila mwezi, ilhali hema linafanya kazi wiki chache za mwaka na miezi mingine linakaa stoo likisubiri panya. Tena upepo wa Singida, ambao kwa miaka mingi umezungumzwa kuwa utazalisha umeme, hung'oa hema lililofungwa kizembe. Na Juni ni baridi, mji uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500. Ni busara shule au chama cha skauti kije na mahema yake, au kambi ya kwanza ilale kwenye madarasa ya shule iliyofungwa na siku zitumike mashambani na majabalini. Mwenyeji auze chakula, eneo na maarifa.

Maarifa yana bei. Mfugaji nyuki anayewaonyesha wanafunzi namna ya kuukagua mzinga kwa saa mbili amefundisha somo, alipwe kama mwalimu wa kualikwa. Mwenye mashine ya kukamua anayeeleza kwa nini gunia hili limetoa lita nyingi kuliko lile amefundisha fizikia na biashara kwa pamoja. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeipa nafasi kubwa zaidi elimu ya amali, na shule zinatafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi waone kazi ikifanyika. Mzee anayejua kutofautisha mtama unaovumilia ukame na usiovumilia ana kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wa mwalimu.

Hapa pana mtego ambao lazima utajwe kwa jina. Wapo watakaoona vijana 80 wenye nguvu na shamba la alizeti ambalo halijamaliza kuvunwa, wakapata wazo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi, na shule nyingi zililea watu wachapakazi kwa njia hiyo. Lakini mwanafunzi aliyevunia shule yake ni tofauti na mwanafunzi aliyelipiwa na mzazi wake kuja kumvunia mtu binafsi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwa kazi za unyonyaji, na hata kazi nyepesi imewekewa umri wa kuanzia miaka 14. Kukata vichwa kumi vya alizeti ili ujue zinavyokatwa ni somo. Kumaliza ekari ni kibarua.

Kuku wanahitaji aya yao, kwa sababu ndio wanaotajwa sana na ndio wanaoangusha mikataba. Kuku wa kienyeji huchukua miezi sita au zaidi kufikia uzito wa kuchinjwa. Anayetaka kuuza jogoo mwezi Juni awe na vifaranga Novemba au Desemba. Katikati ya safari hiyo kuna mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya matone ya jicho, ile inayovumilia joto, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na kuku mwenyewe. Kikundi kilichoahidi kuku 75 kiweke 100 bandani na daftari la chanjo. Siku ya kuchinja awepo mchinjaji Mwislamu, maana shule ina watoto wa dini zote na hakuna mwalimu anayetaka nusu ya kambi ilale na njaa.

Nishati nayo. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, ukomo wa kwanza ukiwa Januari 2024. Kambi ya watu 88 iko chini ya idadi hiyo, lakini kwa mkoa mkame kama Singida kujificha nyuma ya watu 12 ni aibu. Muuza gesi wa Mandewa aingizwe kwenye orodha ya wauzaji tangu mwanzo.

Baada ya hayo linakuja suala linaloua biashara nyingi ndogo, yaani kulipwa. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, na michango ya lazima ilipigwa marufuku. Mzazi wa shule ya Serikali anachangia kambi kwa hiari, na mwanafunzi hawezi kurudishwa nyumbani kwa kutochanga. Maana yake ni kwamba orodha ya wanafunzi 80 ya mwezi Aprili inaweza kuwa 52 mwezi Juni, wakati kuku wamekwisha nunuliwa. Shule za binafsi hukusanya mapema zaidi, lakini nazo zina tabia ya kulipa muhula unaofuata. Shule ya Serikali ikinunua kwa fedha za umma hufuata taratibu za ununuzi ambazo tangu mwaka 2023 zinapitia mfumo wa NeST, na kikundi kisichosajiliwa hakitaonekana humo.

Kwa hiyo makubaliano yawe ya maandishi. Nusu ya fedha za chakula ilipwe wiki mbili kabla, idadi ya mwisho itajwe siku saba kabla, na salio lilipwe asubuhi ya kuondoka, basi likiwa bado limesimama. Mwenyeji akubali mahindi na maharage ya wazazi kama sehemu ya malipo, kama ilivyo katika kambi za kitaaluma, mradi yapimwe kwa mizani na siyo kwa debe la kukisia. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wajue nani analala wapi. Kibali cha afisa elimu na saini za wazazi ni kazi ya shule, ila mwenyeji aombe kuviona. Mtoto akiumia kwenye eneo lako, hakuna atakayeuliza kwanza karatasi ilikuwa ya nani.

Na ziwani watoto wasiingie. Watazame ndege kutoka ukingoni, wahesabu, wachore, warudi. Kuogelea bila mwokoaji na maboya ni kucheza na msiba, na msiba mmoja hufunga kambi zote za mkoa. Majabali yapandwe yale yaliyopitiwa na mtu mzima siku moja kabla, asubuhi, kukiwa na sanduku la huduma ya kwanza na gari linalowaka. Walimu wa kike wawepo kwa ajili ya wasichana, na usiku awepo mtu aliyelipwa kukesha.

Kuna watakaouliza kwa nini kambi zisifanyike Desemba, ambako likizo ni ndefu. Desemba mvua zimeanza, shamba linalimwa na kupandwa, mkulima hana muda na ghala linakaribia kuisha. Chakula kile kile kinanunuliwa kwa bei ya juu. Zaidi ya hayo, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomoka usiku wa kuamkia asubuhi na kuua makumi ya watu mjini Katesh, kwenye barabara ile ile ya Singida kwenda Babati. Kulaza watoto chini ya mteremko wakati wa masika ni kitu ambacho hakuna mwenyeji wa Singida anayeweza kusema hakuambiwa.

Ardhi iliyovunwa nayo haikai bure kabisa. Mabua hayo ndiyo malisho ya ng'ombe wa jirani, na mwenye shamba akilizungushia kamba kwa ajili ya kambi bila kuzungumza na mfugaji ataamka na ng'ombe kwenye mahema. Ekari moja inatosha, nyingine ziachwe. Anayetaka kuanza mwaka huu hana haja ya kununua chochote Januari zaidi ya dawa ya chanjo. Aende kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani mwezi Februari, kabla kamati ya shule haijapanga ratiba, na achukue karatasi moja yenye bei ya sahani, mahali pa maji na idadi ya matundu ya choo. Akiulizwa habari za mahema, aseme shule ije nayo.